Picha Safi kwa Njia za Mkato: Runinga ya Dijitali Kwenye Kompyuta Yako

Unataka mambo mawili, nami nayajua yote. Unataka laptopu yako ioneshe taarifa ya habari na mechi bila kuganda, na unataka watu wa nyumbani wajue kwamba aliyeifanya ioneshe ni wewe. Hilo la pili usilionee haya. Kila aliyewahi kupanda juu ya paa kugeuza antena alikuwa na watu chini wakimpigia kelele, "Hapo hapo! Rudi kidogo! Umepitiliza!" Kelele hizo ni sehemu ya raha, na tutahakikisha unazipata.

Kazi yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani. Wengi hushindwa kwa sababu wanaanzia kwenye kompyuta: wanabadilisha programu, wanaongeza memori, wanaiwasha na kuizima. Mawimbi ya runinga hayajui kompyuta yako ni ya mwaka gani. Picha hupatikana au hupotea kwenye kipande cha waya chenye urefu wa kiganja na nusu, na kwenye mahali ulipokiweka. Hapo ndipo penye njia za mkato, na nitakupitisha kwazo moja baada ya nyingine.

Mfano wangu ni Nairobi na viunga vyake. Lakini mawimbi ya UHF, yale yanayobeba runinga, hayabadili tabia yakivuka mpaka wa Namanga wala wa Busia. Msomaji wa Arusha au Jinja atumie hesabu hizi hizi, abadilishe tu upande wa kuelekezea antena, na aulize kwanza kama vituo vya mji wake viko wazi au vinahitaji kadi.

1. Sahau chenga, jifunze kutosheka

Enzi za analojia mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga, nawe ukatazama hivyo hivyo. Mchezaji alikuwa kivuli, mpira ulikuwa wa kukisia, lakini mechi iliisha na ukajua nani kashinda. Dar es Salaam iliiaga analojia tarehe 31 Desemba 2012. Kwetu Kenya mambo yalivutana hadi mahakamani, na Februari 2015 mitambo ya analojia ya vituo vya Citizen, NTV na KTN ikazimwa.

Dijitali haina chenga. Kipokezi hupokea namba, hurekebisha makosa yaliyomo, na mradi makosa hayajazidi kiasi, unaona picha kamili. Yakizidi, unaona miraba, sauti inakwaruza, kisha skrini inakuwa nyeusi. Kati ya picha safi na giza kunaweza kuwa na tofauti ya nguvu ya desibeli moja au mbili tu.

Wengi hulalamikia jambo hili. Mimi nakuambia ni neema kwa mtu asiyependa kujichosha. Huhitaji mawimbi mazuri. Unahitaji mawimbi yanayotosha. Ukishavuka mstari, picha yako na ya yule wa Muthaiga mwenye mlingoti wa mita kumi ni ileile, namba kwa namba. Hawezi kukuzidi hata kidogo. Kwa hiyo lengo letu ni moja: vuka mstari, kisha jiwekee akiba ya desibeli 3 hadi 6 kwa ajili ya miti iliyolowa mvua na lori litakaloegeshwa mbele ya dirisha. Zaidi ya hapo unajitesa bure.

2. Usinunue kidude kisichosikia

Hapa ndipo pesa nyingi huzama. Kile kidude cha USB cha kupokelea runinga kinachouzwa kwa bei ya kutupa, chenye antena ndogo ya sumaku na rimoti, mara nyingi kina chipu iitwayo RTL2832U. Kilitengenezwa kwa ajili ya mfumo wa DVB-T, ule wa kwanza. Kenya inarusha kwa DVB-T2. Utakaa usiku kucha ukitafuta vituo, utapata sifuri, na utailaumu antena isiyo na hatia. Ikiwa tayari unacho, usikitupe: tangu 2012 watu wamekuwa wakikitumia kusikilizia redio za kila namna, kuanzia FM hadi mawasiliano ya ndege. Lakini runinga ya hapa hakikupi.

Soma kasha. Kama halikuandikwa DVB-T2 kwa herufi zote, pamoja na hiyo 2 ya mwisho, lirudishe. Ukitumia Linux, ulizia kidude chenye chipu ya Si2168, kwa maana Linux imeizoea. Ukitumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipo kibao chake cha runinga kilichotoka 2018, nacho kinapokea T2.

Ukiwa Luthuli Avenue, nenda na laptopu yako na umwambie muuzaji, "Niwekee nione." Duka lenye kidude kizuri litakuwekea. Duka linalokwambia "hii inashika kila kitu, boss" bila kukichomeka, liage kwa adabu.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito. Kidude hiki huonyesha vituo vilivyo wazi. Vya kulipia vimefungwa, na ufunguo wake uko kwenye kadi iliyo ndani ya dekoda. Programu zinazodai kuvifungua usiziguse. Nyingi ni mtego wa kuingiza virusi kwenye mashine yako, na hata ile inayofanya kazi ni wizi. Udanganyifu ninaokufundisha hapa ni wa kuyachezea mawimbi, na mawimbi hayana mwenyewe anayedhulumiwa.

3. Ivike sufuria

Ile antena ndogo ya sumaku iliyokuja na kidude ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni chuma kilichopaswa kuwa chini yake, na ukiiweka juu ya meza ya mbao umeinyima. Twaa kifuniko cha sufuria chenye upana wa sentimita 25 au zaidi, kiweke dirishani, iweke antena katikati. Kikiwa cha chuma, sumaku itashika. Kikiwa cha alumini haitashika, lakini iache tu ikae juu yake, kazi itafanyika.

Mara nyingi hili peke yake linatosha kukuvusha mstari ikiwa unakaa Kikuyu, Westlands au Kabete. Lifanye mbele ya watu. Hakuna jambo linaloinua hadhi ya mtu nyumbani kuliko kuchukua kifuniko cha sufuria jikoni, kukiweka dirishani, na picha iliyokuwa imeganda ikaanza kutembea.

Kabla hujafanya hivyo, toka nje utazame antena za majirani. Fito zake zimelala au zimesimama? Mawimbi hurushwa yakiwa yamelala au yamesimama, na antena inayokaa kinyume chake hupoteza sehemu kubwa mno ya mawimbi. Antena ya sumaku kwa kawaida husimama. Kama za majirani zimelala, ilaze yako pia, na kifuniko kisimamishe kitakoni mwake.

4. Antena ya robo saa

Sufuria isipotosha, usikimbilie dukani. Tengeneza.

Tafuta waya wa shaba wa umeme wa nyumbani, ule mgumu wa kipande kimoja, si wa nyuzi nyuzi. Kata vipande viwili vya sentimita 12 na robo kila kimoja. Vifunge kwenye kipande cha mbao au plastiki kwa mstari mmoja ulionyooka, vikiachana katikati kwa upana wa kidole. Twaa kebo ya antena, ichune ncha: waya wa kati uunge na kipande kimoja, nyuzi za nje uziunge na kingine. Funika kwa utepe mweusi. Umemaliza.

Urefu huo sikuuokota njiani. Runinga ya dijitali ya hapa inakaa kati ya megahezi 470 na 694, na 580 ni katikati yake. Ukijua megahezi za kituo unachokipenda hasa, gawanya 7125 kwa megahezi hizo, utapata sentimita za kila mkono. Kituo cha megahezi 500 kinataka sentimita 14 na robo. Cha 690 kinataka 10 na kidogo. Kata kwa ajili ya kituo chenye mechi. Vingine vitakuja vyenyewe.

Ukitaka nguvu zaidi, weka karatasi ya foili ya jikoni iliyobandikwa kwenye kadibodi nyuma ya waya hizo, umbali wa sentimita 13, upande ulio kinyume na mnara. Itarudisha mbele mawimbi yaliyokuwa yakipita, na itazuia takataka zinazotoka nyuma.

Na ukitaka kununua, nunua ile yenye fito nyingi juu ya mkono mmoja. Inaitwa Yagi, kwa jina la Hidetsugu Yagi wa Japani, ingawa kazi kubwa ya kuivumbua ilifanywa na mwenzake Shintaro Uda pale Sendai, katika miaka ya 1920. Kwao haikushughulikiwa sana. Singapore ilipoanguka mwaka 1942, askari wa Japani walikamata maandishi ya rada ya Waingereza na kukuta neno "Yagi" limeandikwa mara kwa mara. Wataalamu wao hawakulijua. Ikabidi waulize, wakaambiwa ni jina la Mjapani mwenzao. Nakusimulia hili ili uwe na la kumwambia mgeni atakayeuliza mbona umeweka mifupa ya samaki juu ya nyumba. Yagi ya fito kumi hivi, ikielekezwa sawasawa, inaweza kukuongezea desibeli 8 hadi 10 juu ya waya zako mbili, na desibeli 10 maana yake ni nguvu mara kumi.

5. Mahali ni bora kuliko kifaa

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina gharama na karibu kila mtu huiruka.

Mitambo mikubwa inayohudumia Nairobi iko Limuru, kaskazini-magharibi mwa jiji. Limuru iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katikati ya jiji ni kama mita 1,700. Mnara umekuinamia, kwa hiyo nusu ya kazi umeshafanyiwa. Kinachobaki ni wewe kutojificha. Elekea Limuru. Dirisha linalotazama upande huo lina thamani kuliko busta yoyote ya dukani. Dirisha linalotazama Kitengela, huku kuta tatu za mawe zikiwa kati yako na mnara, litakuadhibu hata ukinunua nini.

Mabati ni ukuta. Antena iliyo darini chini ya mabati imefungiwa, hata ikiwa juu kiasi gani. Itoe nje. Inyanyue iwe juu ya ukingo wa paa, hata kwa mita moja. Grili za madirisha nazo hukata. Isogeze antena mbali nazo kwa urefu wa mkono.

Sasa njoo kwenye siri yenyewe. Ndani ya mji mawimbi hayafiki kwa njia moja. Mengine huja moja kwa moja, mengine hugonga ghorofa la jirani kwanza, nayo yakikutana chumbani kwako mahali pengine husaidiana na mahali pengine huuana. Umbali kati ya mahali pa kusaidiana na pa kuuana unaweza kuwa sentimita 15 tu. Kwa hiyo usihangaike kuhamisha antena kutoka chumba hiki hadi kile. Isogeze kwa upana wa kiganja, subiri sekunde tano kipimo cha ubora kwenye programu ya runinga (tutaifikia hatua ya tisa) kitulie, soma, sogeza tena. Juu, chini, kushoto, kulia. Watu huisogeza huku wakitazama picha, na kabla kompyuta haijafungua picha wao wameshapita pale palipokuwa pazuri.

Hapa ndipo unapowahitaji wale wa kupiga kelele. Mpe mtoto kazi ya kusoma namba kwa sauti. Usimwambie atazame picha. Mwambie asome namba ya ubora. Nguvu ya mawimbi ikisoma asilimia 90 na ubora ukasoma 30, umepata kelele nyingi. Nguvu ikiwa 50 na ubora 80, iache hapo hapo, weka alama kwa penseli.

Walio mbali, kama Kitengela au Athi River, waongeze kimo. Mawimbi haya husafiri karibu kama macho yaonavyo. Antena iliyo mita 9 juu ya ardhi tambarare huona mbele kama kilomita 12 kabla ardhi haijajikunja, na hizo unazijumlisha na zile ambazo mnara wenyewe unaona, nao kwa mita 100 za kimo huona kilomita 41. Kila mita unayopanda inakulipa. Aliye nyuma ya Vilima vya Ngong ana hesabu nyingine. Yeye atafute mwinuko unaoacha wazi anga la upande wa Limuru, au mwinuko ambapo jirani yake anapata picha, na aanzie hapo.

Kuhusu kupanda paani: usipande pakiwa na mawingu ya radi, usipande karibu na nyaya za umeme, na usipande peke yako. Mlingoti wa chuma utiwe waya wa ardhini na fundi wa umeme anayeijua kazi hiyo. Katika hili sina njia ya mkato ya kukupa.

6. Ikimbie kompyuta

Umeweka antena nzuri, kidude umekichomeka ubavuni mwa laptopu, na picha bado inavunjika. Mwizi yumo ndani. Kompyuta yenyewe hupiga kelele za redio: chaja yake, skrini yake, kebo ya HDMI ya bei rahisi, na zaidi ya vyote milango ya USB 3, ile ambayo ndani yake mara nyingi ni ya bluu, kifaa kingine kikiwa kinafanya kazi pale.

Nunua waya wa kurefusha USB, wa mita moja au mbili, na usizidi mita tano. Kidude kikae mbali na kompyuta, karibu na antena. Chomeka kwenye mlango wa USB 2 ikiwa upo. Hamisha diski ya nje upande mwingine. Kisha fanya jaribio hili la bure: chomoa chaja, laptopu itumie betri, na utazame namba ya ubora. Ikipanda, umempata mhalifu. Zima pia taa za LED za bei ya chini moja moja; zipo zinazochafua chumba kizima.

Waya huo ni mdogo, una bei ya chakula cha mchana, na katika nyumba za mjini nauweka juu ya busta, juu ya programu mpya, juu ya kompyuta mpya.

7. Kebo

Fupi. Kebo nene ya RG-6 hupoteza kama desibeli 2 kwa kila mita 10 katika mawimbi haya. Ile nyembamba hupoteza zaidi. Kwa hiyo usiache mita 15 zimezungushwa nyuma ya kabati kwa sababu "huenda tukahama." Kata. Viunganishi vilivyopata kutu vibadilishe. Kigawanyaji cha kupeleka mawimbi sebuleni na chumbani hukata zaidi ya nusu ya nguvu kwa kila upande, hata kama upande wa pili hakuna kitu. Usipokihitaji, kiondoe.

8. Busta, na kwa nini usiipende haraka

Busta huuzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kuitia mwishoni mwa kebo, pale mezani, ni kumpa kipaza sauti mtu anayenong'ona kando ya kinu kinachotwanga: utasikia kinu vizuri zaidi. Inakuza mawimbi pamoja na uchafu wote ulioingia njiani.

Mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla ya kebo ndefu. Hapo inafidia kile ambacho kebo itapoteza, na hapo inafaa kweli. Na ukiwa karibu na mnara, Limuru yenyewe au Kikuyu, usiitumie kabisa. Kipokezi kitazidiwa, na picha itavunjika kwa sababu ya wingi. Nimeona watu wakiongeza busta ya pili kuponya ugonjwa ulioletwa na ya kwanza. Ukishuku hivyo, chomoa busta utazame. Ikiwa picha imekuja, uza busta.

9. Programu ni ya kudanganywa

Sasa tu, baada ya yote hayo, gusa kompyuta. Kwenye Linux tumia Kaffeine, ambayo inakuonyesha ubora wa mawimbi wakati unatafuta. VLC nayo hucheza runinga ukiiandikia megahezi moja kwa moja.

Programu nyingi zitakuuliza uko nchi gani, na huenda Kenya isiwemo. Usikate tamaa wala usiandike barua ya malalamiko. Sema uko Ujerumani. Programu inataka kujua mambo mawili tu: nafasi kati ya kituo na kituo, na upana wake. Kwetu ni megahezi 8, kwao kwenye UHF ni 8. Itaanza 474, iende 482, 490, hivyo hivyo hadi 690, na katika hatua hizo 28 itakutana na vyote vilivyopo. Ukishajua megahezi zenye vituo, ziandike kwenye karatasi na uibandike chini ya laptopu. Siku nyingine utatafuta hizo tu, itachukua dakika moja, na wageni watadhani unazijua kwa moyo.

Kisha jifunze kutofautisha magonjwa mawili. Miraba pamoja na sauti inayokwaruza ni mawimbi: rudi hatua ya tano. Picha inayoruka ruka huku sauti ikiwa safi ni kompyuta iliyochoka: washa kipengele cha kuruhusu chipu ya picha kufungua video, funga kivinjari chenye tabo thelathini, na itapona. Anayechanganya haya mawili huhamisha antena wiki nzima akitibu kichakataji.

10. Jiandae kushindwa kwa heshima

Siku ya mechi kubwa utaalika watu. Mawimbi yatajua. Kwa hiyo panga mapema namna utakavyoanguka.

Tafuta vituo siku moja kabla, si mbele ya wageni. Anza kurekodi mechi tangu dakika ya kwanza. Kompyuta inahifadhi yale yanayoingia kama yalivyo, na kituo kinachotumia megabiti 2 kwa sekunde huchukua kama megabaiti 900 kwa saa. Picha ikivunjika kwa sekunde kumi baada ya bao, hutabishana na mtu: rudisha nyuma, waonyeshe tena lile bao. Watakushukuru kuliko kama picha isingevunjika.

Weka redio ndogo ya FM karibu. Giza likiingia, iwashe bila maelezo, endelea kutoa chai. Usianze kueleza desibeli wakati watu wanasubiri penalti. Hakuna anayetaka kujua.

Na kwa yule jirani anayekucheka kwa kuhangaika na waya wakati yeye anatazama mtandaoni kwenye simu, una jibu la kweli. Matangazo ya mtandaoni huchelewa, mara nyingi kwa sekunde 20, 30 au zaidi, kwa sababu yanakatwa vipande na kurundikwa kabla ya kumfikia. Yako yanatoka mnarani na kuingia kwenye waya wako, yakichelewa sekunde chache tu za kupakia na kufungua. Yeye analipa bando kwa kila saa. Wewe hulipi kitu. Wewe utapiga kelele ya bao akiwa bado anatazama mpira ukirushwa. Fungua dirisha ili akusikie.

Mechi ikiwa ya saa nne usiku, maliza kugusa antena saa tatu. Baada ya hapo usimruhusu mtu yeyote kuisogeza, hata yule mjomba anayesema aliwahi kuwa fundi.